Mfereji Ulioanza Kuuma

Mwingi, Jumapili, 12 Oktoba 1997

Mvua imefika. Ilitukuta kanisani, Pasta Jonah akiwa katikati ya mahubiri. Mabati yakapiga kelele hadi hakusikika tena. Akafunga Biblia, akacheka, akasema tumshukuru Mungu kwanza, neno tutalimalizia. Watu wakatoka nje wakaloa kwa hiari yao. Tangu Mei hatujaona tone. Tangi la mabati lililo ubavuni mwa kanisa lilianza kujaa, na wazee wakatangaza kwamba mfereji wake wa kuchotea maji utafunguliwa kwa kila mtu, awe wa kanisa au asiwe.

Baba Mueni, mume wangu, alisimama mlangoni akitazama taa zake. Ni yeye aliyeingiza stima kanisani mwezi wa Agosti, mikono yake mitupu, bila kudai chochote, akikimbizana na siku ya wageni kutoka makao makuu. Mama mmoja alimwambia, "Musembi, ubarikiwe, sasa tunaonana nyuso." Nilijivuna kama mimi ndiye niliyevuta zile waya.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepanda mahindi na mbaazi baada ya shule. Mgongo hauinuki.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hersi mwenye duka amepata friji. Duka lake limepakana na ua wa kanisa, ukuta kwa ukuta. Friji lilikuja juu ya lori la Nairobi limefungwa magunia, na watoto wa soko zima wakalisindikiza. Musembi ndiye aliyeliunganisha. Alirudi jioni akisema kazi ya pale ni safi, kila waya ndani ya paipu yake, maana Hersi hakubali kazi ya nusu na alimsimamia tangu mwanzo hadi mwisho.

Shamis, mkewe Hersi, alinipa soda baridi ya kulionja friji. Sijamzoea Shamis. Anaongea Kiswahili kama cha redio, na nikisimama karibu naye najiona nimevaa vibaya. Nilikunywa haraka nikaondoka.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mbinya amepita na kiondo cha kunde. Ni jirani yetu upande wa bonde, ndiye hufagia kanisa, na sauti yake ndiyo inayoshikilia kwaya. Alisema mfereji wa tangi umemuuma.

"Umekuuma vipi?"

"Kama siafu, Mwalimu. Nimeshika tu hivi, ukanitembelea mpaka kwa kiwiko."

Tulicheka. Nilimwambia Musembi jioni. Akasema ni radi za siku hizi, zinaacha umeme hewani. Hata hivyo alienda kuangalia. Alirudi akasema ameshika mfereji kwa mikono miwili na hajasikia kitu. Alikuwa amevaa buti za mpira.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo wanawake watatu wamesema vilevile. Watoto nao wamegeuza kuwa mchezo: wanashikana mikono kwa mstari, wa kwanza anagusa mfereji, wote wanapiga mayowe. Niliwafukuza kwa fimbo. Nikamwambia Musembi achunguze waya za kanisa. "Nitaangalia," akasema. Ana kazi nyingi.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua usiku na mchana. Redio inasema ni Elnino. Barabara ya Garissa imekatika na malori yamepangana tangu stendi hadi karibu na shule.

Kidato cha pili tumeingia somo la umeme. Niliwaandikia ubaoni: gawanya volti kwa ampia, unapata ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyozuia mkondo usipite. Zidisha volti kwa ampia, unapata wati, yaani nguvu inayoliwa. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, na akala zinazuia?" Nikamwambia ndiyo, akala ni mpira wa tairi, aliyezivaa juu ya mchanga mkavu ana ukinzani mkubwa sana. Mguu mtupu kwenye matope hauna karibu chochote.

Nilisikia maneno yangu mwenyewe na nikapoteza mstari wa somo. Akala zote za Mwingi sasa zimefungiwa nyumbani. Matope yanazing'oa miguuni.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwambia tena. Amesema nisimfundishe kazi yake.

Jumanne, 11 Novemba

Mbuzi wa Hersi amekufa kando ya tangi. Alikunywa maji yaliyotuama chini ya mfereji, akaruka mara moja, akaanguka. Hersi alikuja ua wa kanisa na hasira, akidai mtu ameweka sumu. Wazee wakamjibu kwa hasira zaidi. Wakasema mfereji haukuwa na shida kabla ya friji lake, na kila mtu anajua duka lake na kanisa yanashikana ukuta. Mmoja akaongeza kwamba mita ya stima ya kanisa inazunguka hata taa zikiwa zimezimwa, kwa hivyo Hersi hatosheki na kuuma watu, anaiba pia.

Hersi akasema, "Mimi nina mita yangu. Fundi wenu ndiye aliniunganishia. Muulizeni."

Wote wakamgeukia Musembi. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, vitabu vya kusahihisha mkononi. Pasta Jonah akamuuliza kwa upole, "Fundi, inaweza kuwa ni friji?"

Musembi alitazama chini. Kisha akasema, "Inawezekana."

Neno hilo moja. Hersi alimkodolea macho kwa muda mrefu, akaokota kamba ya mbuzi wake, akaondoka.

Nyumbani nilimuuliza, "Si ulisema kazi ya kule ni safi?"

"Sikusema ni yeye. Nilisema inawezekana."

"Na kanisani, uliangalia?"

"Mama Mueni, niache nile."

Jumamosi, 15 Novemba

Wazee wamemwandikia Hersi azime friji. Amekataa. Vijana wanaongea sokoni kwa sauti, wakijua anasikia. Mto umejaa matope na mizoga, kwa hivyo watu bado wanachota kwa tangi, wakifungua mfereji kwa kijiti au kwa pindo la leso. Mimi mwenyewe nimechota hivyo.

Jumapili, 16 Novemba

Mbinya amekufa.

Nataka kuandika kwa mpangilio kwa sababu kichwani hakuna mpangilio.

Alitangulia kanisani kufagia, kama kawaida. Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Mimi na Musembi tulikuwa njiani na Mueni mgongoni mwangu. Tukasikia mlio mfupi, si mayowe, kama mtu aliyeanza kusema neno akakatizwa. Tulipopinda kona nikamwona. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, mkono wa kulia umekamata mfereji, ndoo imelala ubavuni, maji yanamwagika. Leso yake ilikuwa imelowa chapachapa. Nilifikiri anaomba.

Musembi alitupa Biblia chini, akakimbia. Hapa ndipo ninaporudi kila nikifumba macho. Hakumkimbilia Mbinya. Hakukimbia kwa Hersi, ambako sote tulikuwa tumeambiwa ndiko balaa inatoka. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwenye suichi kubwa ya kanisa, nyuma ya mlango, akaizima. Ndipo akarudi, akamtoa mkono, akamlaza, akamsukuma kifua, akaita jina lake. Mkono haukutaka kufunguka. Aliufungua kidole kimoja kimoja.

Nzuki, mumewe, aliitwa kutoka shambani. Alifika na jembe bado begani. Hakulia. Alimfunika miguu, kwa kuwa ilikuwa wazi na ina matope, akasema, "Hakupenda kuonekana hivi."

Baadaye yakawa mengine. Sijui nani aliyeanza. Vijana walivunja mlango wa duka, wakalitoa friji nje, wakalipindua kwenye matope na kulipiga kwa mawe kama wanaua nyoka. Mchele ukamwagika barabarani, majora ya nguo yakachomwa na kutoa moshi mzito kwa kuwa yalikuwa yameloa. Hersi aliburutwa kwa kanzu. Polisi walifika wakamchukua, wakisema ni kwa usalama wake na pia kuna maswali ya kujibu. Friji nalo wakalipakia kama ushahidi. Shamis alipita katikati ya watu akiwa na watoto wake, uso umenyooka, akaelekea msikitini. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyempisha pia. Mimi nilikuwa miongoni mwa ambao hawakumpisha. Nilisimama tu.

Musembi ameketi jikoni. Hajabadilisha nguo.

Jumatatu, 17 Novemba

Watu wote walikuwa bondeni kwa Nzuki. Nilichukua mita ya kupimia ya Musembi kwenye sanduku lake, nikavaa buti zake, nikaenda kanisani peke yangu.

Kwanza nilizungushia mfereji matawi ya miiba ili mtu asikaribie. Waya za Hersi zilikuwa zimeshakatwa na polisi, zinaning'inia hewani. Kwa hiyo kutoka kwake hakungeweza kuja kitu. Niliwasha suichi kubwa ya kanisa na kuacha taa zote zimezimwa. Ile sahani ndani ya mita ya ukutani, ambayo ilifaa kusimama, ikaanza kuzunguka.

Nilipima kati ya mfereji na chuma nilichopigilia ardhini mbali kidogo. Volti mia mbili na arobaini. Kisha nikazima suichi, nikaweka mita ya kupimia kati ya pande mbili za suichi ili mkondo wote upitie humo. Ampia mbili.

Niliketi kwenye benchi la kwaya nikakokotoa, ingawa naijua hesabu hii kama jina langu. Mia mbili na arobaini kugawanya kwa mbili: ukinzani wa omu mia moja na ishirini. Hiyo ndiyo njia ya stima kutoka paa la kanisa, ikashuka na gata ya mabati inayokinga mvua, ikaingia tangini, ikazama udongoni. Mia mbili na arobaini mara mbili: wati mia nne na themanini. Kila saa, mchana na usiku, kanisa letu limekuwa likipasha moto matope. Huo ndio "wizi" wa Hersi. Na fyuzi haikukatika kwa sababu fyuzi ile ni ya ampia tano.

Wakati wa kiangazi udongo ulikuwa mkavu kama chungu, haukupitisha kitu, na watu walivaa viatu. Tuseme mtu wa namna hiyo ana omu laki moja: anapata mkondo mdogo sana, hausikii hata kidogo, au anasikia siafu. Mtu aliyelowa, miguu mitupu, mkono umeshika chuma, tuseme omu elfu mbili. Mia mbili na arobaini kugawanya kwa elfu mbili. Sifuri nukta moja mbili ya ampia. Inatosha kukaza mkono usiachie. Inatosha kusimamisha moyo. Volti ni zilezile. Kilichobadilika ni mvua, si friji.

Nilisogeza meza, nikapanda, nikatazama pale waya wa taa ya nje unapotoka darini. Umepitishwa kwenye tundu la bati bila paipu. Upepo umekuwa ukilitikisa bati, na ukingo wake umekata mpira wa waya mpaka shaba inang'aa. Chini yake kuna utepe mweusi, mpya, umefungwa kwa haraka na umeshaachia kwa unyevu.

Nani alifunga utepe ule?

Jioni nilimuuliza. Hakukana. Alisema paipu ilikuwa imebaki nyumbani siku ile ya Agosti, na wageni walikuwa wanakuja asubuhi, akasema atarudi. Mbinya alipolalamika mara ya kwanza alipanda akaona, akafunga utepe. Mbuzi alipokufa alijua.

"Ulijua ukasema inawezekana."

"Walikuwa wote wananitazama, Ndila."

"Ungezima tu. Ungezima suichi ukanyamaza, hata hilo."

"Wangeuliza kwa nini." Akaanza kulia. "Nikifungwa, wewe na Mueni mtakula nini? Nitairekebisha. Kesho mapema. Haitauma mtu tena."

Sikumjibu. Nilidhani kunyamaza ni kukataa. Yeye alidhani ni kukubali.

Jumatano, 19 Novemba

Alirekebisha jana kabla watu hawajaamka. Waya mpya, paipu, kila kitu safi. Leo mzee mmoja wa kanisa alivua viatu mbele ya watu, akashika mfereji kwa mikono miwili, akaimba ubeti mzima. Hakuna kitu. Mita ya ukutani imetulia.

"Mmeona?" akasema. "Friji limetoka, mfereji umepona."

Watu wakapiga makofi. Ushahidi wote niliokuwa nao mume wangu ameufunika kwa plastiki ya kijivu, na kwa kufanya kazi yake vizuri amemtia Hersi hatiani zaidi.

Alhamisi, 20 Novemba

Tumemzika Mbinya. Kaburi lilikuwa linajaa maji na ilibidi wayatoe kwa ndoo. Kwaya iliimba, na pale sauti yake ilipofaa kuingia palikuwa na shimo. Pasta Jonah alihubiri juu ya adui anayekaa mlangoni petu. Kila mtu alijua adui gani. Niliangalia mikono yangu.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimeenda msikitini na unga na maziwa. Shamis alikuwa chumba cha nyuma na watoto wake, mdogo ana homa. Alipokea, akashukuru, akaniwekea mkeka. Wiki zote hizi nilidhani ni mwanamke wa maringo. Ni mwanamke anayeogopa mbele ya watoto wake na hataki waone.

Akasema, "Mwalimu, wewe unafundisha stima shuleni. Niambie ukweli. Mume wangu aliua yule dada?"

"Hapana."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti.

"Basi nani?"

Nikaangalia mkeka. Aliniangalia, kisha akaangalia buti nilizovaa, ambazo ni za Musembi na zinanipwaya. Akafahamu. Niliona akifahamu. Hakuuliza tena. Alimpa mtoto maziwa kwa kijiko, nami nikakaa pale mpaka aibu ikaniinua.

Jumapili, 23 Novemba

Baada ya ibada nilimfuata Pasta Jonah ofisini. Nilimweleza yote: volti, ampia, paa, utepe. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akauliza ni nani mwingine anayejua.

"Wewe tu niliyekuambia, Pasta."

"Basi tuliache mikononi mwa Bwana. Mbinya harudi. Hersi ataachiliwa, hawana la kumshika, ataenda kwa watu wake. Lakini kanisa likigawanyika, Mwalimu, halishonwi. Na mke kumpeleka mumewe polisi, hiyo ni nini?"

"Hersi alivunjiwa duka. Uliwaambia ni adui."

"Nilisema adui. Sikutaja jina."

Ameongea kama Musembi. Nimemsikiliza mtu huyu tangu niolewe, nimeandika mahubiri yake pembeni mwa Biblia yangu. Leo nimeona anachoogopa ni barua kutoka makao makuu.

Jumatatu, 24 Novemba

Tulilala kila mtu ukutani kwake. Nimemwambia Ijumaa nitaenda kituoni, iwe naye au peke yangu.

Jumatano, 26 Novemba

Musembi amekuwa akienda kwa Nzuki kila siku kumsaidia kupalilia. Leo amerudi mapema, jembe limebaki huko.

"Nzuki amenishukuru," akasema.

"Kwa nini?"

"Amesema mimi peke yangu nilijaribu kumwokoa. Ati wote walisimama, mimi nikakimbia. Amenipa kuku. Nimemwambia sitaki, akanilazimisha." Kuku alikuwa kwapani mwake kweli, kimya, miguu imefungwa. "Ameniita ndugu yake."

Aliketi nje mvuani na yule kuku. Nilitaka kumchukia nikashindwa, na nilitaka kumhurumia, hilo nalo nikashindwa. Nilienda nikamfungua kuku.

Alhamisi, 27 Novemba

Asubuhi akaniambia, "Hesabu yako wataikataa. Wataelewa taa." Akaenda kituoni mwenyewe kumwita sajini.

Ijumaa, 28 Novemba

Walikuja saa nne. Sajini na askari mmoja, wazee wa kanisa, Pasta Jonah, Nzuki, na nusu ya soko ikajazana uani. Musembi alikuwa amevaa shati la Jumapili. Aliniomba nisimame kwenye suichi kubwa, ikiwa imezimwa, nisiiguse hadi aseme.

Alipanda ngazi, akatoa ile paipu ya kijivu, akatoa waya mpya, akarudisha ule wa zamani uliochubuka, palepale kwenye tundu la bati. Alikuwa ameuhifadhi. Akashuka. Akapigilia chuma kwenye matope hatua chache kutoka tangini. Akachukua taa ya wati mia, waya mmoja akaufunga kwa mfereji, wa pili kwa kile chuma. Taa ikabaki inaning'inia kwenye kijiti katikati, mchana kweupe.

"Duka la Hersi liko wazi, mnaliona," akasema. Sauti ilikuwa inamtoka vibaya. "Hakuna stima ndani. Friji liko kituoni. Taa za kanisa zote zimezimwa. Rudini nyuma. Zaidi. Mtu asishike kitu." Kisha, bila kunitazama, "Mwalimu, washa."

Nikawasha. Taa ikawaka.

Mvua ndogo ilikuwa ikianguka juu ya kioo cha taa na kufuka moshi. Sajini akazunguka upande wa pili kana kwamba kuna waya uliofichwa, akarudi. Akaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa karibu na suichi, "Hii ndiyo iliua?"

Nikasema, "Taa hii inakula chini ya nusu ampia, Afande. Mbinya hakupata hata theluthi ya hiyo. Ilitosha."

"Na waya ni wa nani?"

"Wangu," Musembi akasema. "Niliuweka mimi. Niliuona umechubuka nikafunga utepe. Mbuzi akafa nikajua. Mkaniuliza nikasema inawezekana. Nilikuwa najua."

Nilizima suichi. Yule mzee aliyeimba ubeti alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. Pasta Jonah akaanza kusema tuombe, na Nzuki akamkatiza kwa kuinua mkono. Nzuki alimkaribia Musembi mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana. Nilidhani atampiga, askari naye alidhani hivyo, akasogea. Nzuki alimwangalia tu, macho yakitafuta kitu kwenye uso ule, kisha akageuka akapita katikati ya watu. Walimpisha.

Musembi akampa sajini mikono yake kabla hajaombwa.

Jumamosi, 29 Novemba

Hersi ameachiliwa. Mueni anauliza baba yuko wapi. Nimemwambia Kitui, sikutaja rumande.

Jumapili, 7 Desemba

Nimeenda kanisani. Benchi letu nilikaa peke yangu. Wengine wananilaumu kwa kumtoa Musembi, wengine kwa kuchelewa kumtoa, na wengine wananiambia yote mawili kwa pumzi moja. Pasta hakunipa mkono.

Ijumaa, 12 Desemba

Hersi na Shamis wanafagia duka. Vijana wawili kati ya wale waliovunja wamekuja kusaidia kubeba mabati. Hersi amewaruhusu bila kuwatazama. Niliwapelekea uji. Shamis alitoka nje kunipokea.

"Nilikuelewa siku ile msikitini," akasema. "Nilingoja uende ukaseme. Kila siku nilingoja."

"Nilichelewa."

"Ulichelewa."

Akachukua uji. Hakukunja uso.

Jumatatu, 22 Desemba

Daraja la Kitui linapitika tena. Nimemwona Musembi dakika chache. Amekonda. Amekubali mashtaka yote mbele ya hakimu, hukumu bado. Aliuliza habari za mbaazi. Nikamwambia zimechanua. Tukaongea juu ya mbaazi mpaka askari akaja.

Jumapili, 4 Januari 1998

Jua siku nzima. Nimeanika mahindi.

Jumamosi, 10 Januari

Nzuki amekuja. Tangu siku ya taa hajakanyaga hapa. Nilimtolea kiti nje, nikampa maji, akayashika bila kunywa. Alitazama mahindi yanayokauka, akamtazama Mueni akicheza na maganda.

Mwishowe akasema, "Mwalimu, wewe unajua hii vitu. Alisikia uchungu?"

Nilikuwa na majibu. Najua misuli hufanya nini kwa mkondo ule, najua moyo huchukua muda gani. Nikasema, "Moyo ndio husimama kwanza. Baada ya hapo mtu hajui kitu."

"Na kabla haujasimama?"

Sikuweza kumpa namba. Nilimwambia, "Sijui, Nzuki. Hesabu haifiki huko."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu ambaye angeondoka kama ningemjibu vingine. Akanywa maji yote kwa mara moja.

"Unaenda Kitui lini?"

"Kesho."

"Mwambie Musembi nitakuja kumwona. Si kumsamehe, usimwambie hivyo, sijui bado. Lakini ni yeye alifungua vidole vya mke wangu. Alikuwa karibu na uso wake kuliko mimi. Nataka aniambie alionaje. Aniambie yote, asifiche, hata kama ni mbaya."

Nikasema nitamwambia.

Alirudisha kikombe, akapita kando ya mahindi asiyakanyage, akashika njia ya bondeni.